Visambaza maji vya kahawa ya kumimina kwa mkono: kipi kinunuliwe, na nani akinunue

Kisambaza maji ni kifaa kidogo chenye vitundu vingi, kinachowekwa juu ya dripa (chombo kinachoshika karatasi ya kuchujia yenye kahawa iliyosagwa) au kushikwa mkononi, ili maji ya birika yaifikie kahawa kama manyunyu badala ya kuiangukia kwa mchirizi mmoja. Wauzaji hukinadi kwa ahadi ya kikombe kitamu zaidi, lakini faida yake halisi ni nyembamba kuliko hiyo: humwezesha mtu asiye na birika la kufaa, au ambaye mkono wake haujazoea kumimina, kupata leo kahawa inayofanana na aliyokunywa jana. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi linahusu birika alilonalo, kwa sababu jibu lake linaweza kuupindua mpangilio wote unaofuata.

Maji yanapoanguka kutoka juu kwa mchirizi mnene, huchimba shimo katikati ya kahawa na kuitibua. Kutibua kidogo kunafaa, kwani chembe zote hupata maji mapya. Kukizidi, vumbi laini linalotokana na kusaga huteremka na kuziba karatasi, maji yakachelewa kushuka na kinywaji kikawa kichungu chenye kukausha ulimi. Shimo lenyewe nalo huwa njia ya mkato, ambapo maji mengi hupita huku kahawa ya pembeni ikibaki haijatoa ladha yake. Kisambaza maji huyapunguzia maji kasi kabla hayajaigusa kahawa, na tabaka la kahawa likabaki sawa tangu mwanzo hadi mwisho.

Utulivu huo una gharama yake, na ni wauzaji wachache wanaoitaja. Kahawa isiyotibuliwa hutoa ladha kidogo zaidi, na ndiyo maana mtu anayeanza kutumia kifaa hiki bila kubadilisha kitu kingine hulalamika kwamba kahawa yake imekuwa nyepesi na yenye uchachu. Dawa ni kusaga laini zaidi kidogo. Kwa kipimo cha kawaida cha gramu 15 za kahawa na gramu 250 za maji, anayemaliza kabla ya dakika mbili na nusu bado ana nafasi ya kulainisha usagaji wake, na anayepita sana dakika tatu na nusu amevuka mpaka. Mtu anayenunua kahawa iliyokwisha kusagwa hana uwezo wa kufanya marekebisho hayo. Fedha yake na iende kwanza kwenye kinu kizuri cha mkono, kisha ndipo afikirie vifaa vya kunyunyizia.

Katika orodha hii nafasi ya kwanza naipa Drip Assist ya Hario, kampuni ya Kijapani inayotengeneza pia dripa ya V60. Ni sahani ya plastiki inayokaa juu ya dripa, yenye sehemu mbili za kumiminia, moja katikati na nyingine ya mviringo kandokando, na mtumiaji huchagua amimine wapi. Sababu ya kuiweka mbele ni kwamba inafanya kazi na birika lolote, hata lile la umeme lenye mdomo mpana linalopatikana katika kila duka la vyombo, kwa kuwa kasi ya maji huamuliwa na vitundu vyake. Mtu mwenye dripa, mizani ndogo na birika la kawaida hatapata njia rahisi zaidi ya kutuliza kikombe chake. Kasoro yake ni kwamba inaifunika kahawa: huoni mwenendo wake, wala huwezi kuikoroga. Wapo wanaolikwepa tatizo hilo kwa kulowesha kahawa kwanza bila kifaa, kwa maji yenye uzito mara mbili au tatu ya ule wa kahawa, wakaikoroga kwa kijiko, wakasubiri sekunde 30 hadi 45, ndipo wakaiweka sahani na kuendelea. Mimi naona hiyo ndiyo namna bora ya kuitumia.

Nafasi ya pili ni ya Melodrip, iliyobuniwa na Ray Murakawa wa Marekani. Hii ni kisahani chenye vitundu kilicho kwenye ncha ya mpini. Unakishika karibu na uso wa kahawa kwa mkono mmoja na kumimina maji juu yake kwa mkono wa pili. Haiyasambazi maji mbali, bali huyavunja nguvu. Kwa anayependa kusaga laini sana bila kuziba karatasi, hasa kwa kahawa za Ethiopia ambazo wapikaji wengi huzilalamikia kwa vumbi jingi, sioni mshindani wake. Hata hivyo inadai birika lenye mrija mwembamba, kwa sababu maji ya birika la mdomo mpana hukifurika kisahani na kumwagika pembeni kama kwamba hakipo. Basi mwenye birika hilo la mrija aisome orodha hii kwa kuanzia hapa, na Drip Assist aiache kabisa. Mwenye shaka anaweza kupima wazo hili bure: akigeuze kijiko cha chai, akishike juu kidogo ya kahawa, kisha amimine maji polepole juu ya mgongo wake. Kijiko hakilingani na kifaa chenyewe, lakini kinatosha kumwonyesha mtu kama kahawa iliyotulia inaupendeza ulimi wake.

Ya tatu ni seti ya OXO, yenye dripa, tangi la kukaa juu yake na kifuniko. Tangi lina alama za ujazo na vitundu chini, hivyo unajaza maji hadi kwenye alama, unafunika na kuondoka. Inafaa ofisini, au kwa asubuhi ambayo watoto hawajavaa sare na gari la shule limekwisha kupiga honi. Haimpi mnywaji nafasi kubwa ya kurekebisha, na kwa anayetaka kujifunza kumimina ni kikwazo.

Gabi, kifaa cha Korea Kusini kinachopokea maji juu na kuyashusha matone kwa mwendo wake, nakiweka nyuma ya vyote. Kinafanya kilichoahidiwa, ila kina vipande vingi vya kuosha kuliko faida inayoonekana kikombeni.

Tricolate ya Australia na Pulsar ya kampuni ya NextLevel, ambayo mwanafizikia wa anga Jonathan Gagné alishiriki kuibuni, hazikuingia katika orodha kwa sababu ni dripa kamili. Ndani yake hakuna upenyo wa maji kupita kando ya kahawa, na kisambaza maji ni sehemu ya muundo wenyewe. Ambaye bado hajanunua dripa yoyote na anapenda majaribio anaweza kuanzia huko. Mwenye V60 nyumbani hana haja.

Suala la joto linastahili kuangaliwa zaidi kwetu kuliko linavyoangaliwa na wauzaji wa ng'ambo. Jijini Nairobi, kwenye mita 1,795 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka yakiwa karibu nyuzi 94. Arusha ni nyuzi 95 au zaidi kidogo, ilhali Mombasa na Dar es Salaam hukaribia 100. Manyunyu hupoa haraka kuliko mchirizi, na kifaa chenyewe hunyonya joto. Mkazi wa pwani ana akiba ya kupoteza nyuzi kadhaa, lakini aliye nyanda za juu hana. Huyo amimine maji yakiwa yametoka kuchemka, akipashe kifaa kwa maji ya moto kabla, na asifuate maelekezo ya kijitabu yanayomtaka aache birika lipoe kwanza. Kwa kahawa iliyokaangwa kidogo, kama nyingi za Nyeri na Kirinyaga zinazouzwa na wakaangaji wadogo, tofauti hiyo huonekana wazi: maji yakipoa, uchachu wake hubaki peke yake bila utamu.

Kabla ya kulipa, pima kipenyo cha mdomo wa dripa yako na ukilinganishe na maelezo ya muuzaji, kwa kuwa dripa za kuiga zinazouzwa madukani hutofautiana milimita kadhaa, na sahani isiyokaa vizuri huegemea upande mmoja na kunyunyiza upande huohuo. Wenye maji magumu ya kisima waangalie pia kama vitundu vinafikika kwa brashi. Chokaa huviziba taratibu bila mtu kutambua, na kuloweka kifaa katika maji yenye siki au ndimu mara kwa mara huvifungua.