Kupanda Lenana na kampuni ya Nairobi: kiongozi safi, vifaa hapana

Nianze na pesa, maana ndilo swali la kwanza la mtu wa Nairobi. Bei ya kupanda Lenana, mojawapo ya vilele vya Mlima Kenya, tuliyolipa ofisini kwao mjini, ilijumlisha gari hadi Nanyuki, ada ya hifadhi, kiongozi, wapagazi, mpishi na vifaa vya kukodi. Kwa kiongozi na mpishi ningelipa tena hata kesho. Kwa vifaa, hapana.

Mfuko wa kulalia niliopewa ulikuwa na zipu inayokwama magotini. Kambi ya Shipton's, mita 4,200, usiku maji yanaganda ndani ya chupa, si mahali pa kugundua mambo kama hayo. Fimbo moja nayo haikukazika, ukiiegemea, inazama. Fungua kila kitu mbele yao kabla hujamaliza kulipa. (Gari lilichelewa kututoa mjini, lakini hilo kwetu si habari.)

Kiongozi wetu, mzee wa Chogoria, ndiye aliyeokoa safari. Siku ya kwanza, kutoka lango la Sirimon kwenda kambi ya Old Moses, vijana wakaanza kushindana mbio. Akawaambia, "Wanangu, Lenana haina miguu." Jioni alikuwa akitazama sahani kabla ya nyuso: ukiacha supu, anakuuliza kichwa kikoje, maana huko juu kukosa hamu ya chakula ni mojawapo ya dalili kwamba mwili unaumwa kwa sababu ya kimo. Katika bonde la Mackinder alitusimamisha asubuhi penye mmea wa lobelia, akapasua kwa ukucha utando wa barafu uliofunika maji katikati ya majani. Chini yake maji hayakuwa yameganda, na hivyo ndivyo chipukizi linavyopona baridi ya usiku. Kwa hilo pekee nilisahau zipu kwa muda.

Tangazo lao linasema "kilele cha Mlima Kenya". Waseme Lenana, mita 4,985. Batian yenye mita 5,199 na Nelion yenye 5,188 ni za wenye kamba na ujuzi wa kukwea miamba, na ukiwa Lenana unaziona hapo mbele zimekusimamia. Mimi Lenana ilinitosha kabisa; jua lilipochomoza, hata wale vijana walinyamaza. Ila mteja aambiwe ukweli mapema.

Ratiba yao ya kawaida ni usiku mmoja tu Shipton's, kisha kuamshwa saa nane kupanda. Omba wa pili, mwili uzoee. Watakuambia gharama inapanda, na kweli inapanda. Lipa, halafu uulize kama mzee wa Chogoria yuko zamu.