Uzoefu wangu: kukodi kontena la taka Columbus, Ohio, bei ya simu na bei ya mwisho

Kwenye simu niliambiwa dola 465. Nilizolipa mwisho wa siku ni 558.50. Hata hivyo kampuni nawapa nyota nne kati ya tano, na nitaeleza kwa nini, maana huku wengi tunaulizana "dampsta (kontena la taka) ni bei gani?" mtu anajibiwa namba moja kavu, halafu bili ikija anaona ameibiwa.

Kazi yenyewe ilikuwa kubomoa jiko na bafu la nyumba ya zamani tuliyonunua. Nilichukua kontena la yadi za ujazo 20. Yapo ya 10, 15, 20, 30 na 40, ila kwa nyumba ya kawaida la 20 linatosha kabisa: ni kama mita za ujazo 15, urefu futi 22 hivi, ubavu wake unamfika mtu mzima kifuani, kwa hiyo mfuko unautupia ndani bila kupanda ngazi. Nyuma lina mlango. Ukiufungua unaingia na toroli hadi ndani, na hapo mgongo utakushukuru.

Kabla ya kuwapata hawa, niliyempata kwanza mtandaoni alinitajia dola 590 kwa kontena lilelile. Nikamuuliza, gari ni lenu? Akaanza kuzungukazunguka. Dalali. Wapo wengi katika biashara hii, hawana lori wala kontena, wanampigia mwenye nalo na kuweka cha juu. Nikatafuta kampuni ya hapahapa mjini yenye lori na makontena yake yenyewe, bei ikashuka.

Sasa hiyo 93.50 iliyoongezeka. Unakodi kwa ukubwa lakini unalipia uzito, na hili ndilo wengi hawaambiwi. Bei yangu ilikuwa ya siku 7 pamoja na tani 2 za takataka. Kila tani inayozidi, dola 85, na sehemu ya tani inalipiwa kwa kiasi chake. Tena tani ya Marekani ni ratili 2,000, kama kilo 907, siyo zile kilo 1,000 za kwetu. Nyumba yetu ni ya zile ambazo kuta zake ni fito nyembamba za mbao zilizopigwa plasta, ukiibomoa unaikumbuka nyumba ya udongo ya bibi kijijini. Ndoo moja ya ile plasta mtu anaibeba kwa mikono miwili huku akikunja uso. Kontena lilipofika nusu kwa plasta na vigae vya bafuni, nilishajua tani 2 tumezipita, ingawa kwa macho nafasi ilikuwa bado tele. Makabati ya jikoni yaliyojaza nusu ya juu hayakuwa na uzito wa maana. Kwa sababu hiyohiyo, mwenye zege au udongo hupewa lile dogo la yadi 10 tu, na kampuni nyingine hazitaki hata hilo lijae.

Tuliokoa kidogo kwenye beseni la kuogea. Lilikuwa la chuma, zile za zamani ambazo watu wanne wanalishusha ngazi huku wakigombana. Shemeji yenu akasema msilitupe humo, liwekeni kando ya barabara. Kabla ya jioni ilishapita pikapu ya wanaookota vyuma chakavu, wakalibeba bure na kutushukuru juu. Mazulia nayo niliyafunika kwa turubai, kwa sababu zulia likinyeshewa unalipia maji.

Dereva alikuja saa moja asubuhi, akapanga mbao kwenye njia ya gari kabla ya kushusha, magurudumu ya chuma yasichimbe saruji. Sikumwomba. Kwa hilo peke yake wanastahili nyota. Kwa kuwa lilikaa kwenye uwanja wetu hatukuhitaji kibali. Ukiliweka barabarani, miji mingi inadai kibali na ada yake.

Nyota waliyoipoteza ni ya bili. Ilikuja na dola 25 za "mafuta" ambazo kwenye simu hakuna aliyezitaja. Nikapiga, tukabishana kistaarabu, wakazifuta. Nikaomba na risiti ya mizani kutoka dampo la kaunti kule Grove City, wakanitumia siku hiyohiyo: tani 3.1. Hesabu ikakubali: tani 1.1 iliyozidi mara 85 ni 93.50.

Angalizo dogo: lifunikeni usiku. Asubuhi moja nilikuta mtu ametupia matairi manne. Matairi, rangi isiyokauka, betri na friji havitakiwi humo, na ukikamatwa navyo unatozwa. Niliyatoa, duka la matairi likayapokea kwa dola chache.

Mwenye takataka kidogo asijisumbue na kontena. Lipo lile begi la WM, kampuni kubwa ya taka, liitwalo Bagster, linauzwa duka la vifaa vya ujenzi la Home Depot kwa dola 30 hivi, linabeba yadi 3 au ratili 3,300. Ila kulibeba kunalipiwa kando, kutegemea unapokaa, na bei hiyo ni mara kadhaa ya begi lenyewe. Rafiki yangu fundi aliwaza kununua kontena kabisa. Boksi tupu ni maelfu ya dola, na bila lori la kulivuta halisogei hata hatua. Nilimwambia heri trela inayojiinua kumwaga mzigo, ya kuvutwa na pikapu yake, angalau ataiegesha kwake na kuikodisha.

Mwakani tunabandua vigae vya lami vya paa, vitu vizito kuliko vinavyoonekana. Nitawapigia haohao, ila safari hii nitaomba dogo zaidi lenye tani nyingi, na bei yote kwa maandishi, mafuta yakiwemo.