Quick Assist: Programu Inayomaliza Ugomvi wa "Nibonyeze Wapi?"

Kila ukoo na kila ofisi ina mtu mmoja anayepigiwa simu kompyuta ikigoma, na kwa miaka mingi kazi ya mtu huyo imekuwa ni kubahatisha. Haioni skrini, anasikia maelezo tu; na mwenye kompyuta, ambaye hakuwahi kufundishwa majina ya vitu vilivyo mbele yake, anavieleza jinsi anavyoviona: kidude cha bluu, kimstari cha chini, kiboksi kilichojitokeza chenyewe halafu kikapotea. Akiambiwa abofye upande wa kulia, anauliza kulia kwa nani. Akiulizwa maandishi yanasemaje, anajibu kwamba ni Kiingereza na ameshayafunga. Ninaandika tathmini hii ya Quick Assist, programu ya bure ya kampuni ya Microsoft inayomwezesha mtu kuona na kuendesha kompyuta ya mwenzake kupitia intaneti, kwa sababu imeondoa sehemu kubwa ya adha hiyo, na kwa sababu watu wengi wanayo ndani ya kompyuta zao bila kujua.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha thamani yake. Mhasibu wa chama cha akiba na mikopo alinipigia jioni ya kufunga hesabu za mwezi, sauti imempanda, akaniambia, "Kaka, hesabu zote zimegeuka reli." Nilipomwomba anisomee kilichoandikwa kwenye safu ya jumla, akasoma kwa utiifu kabisa: "Reli, reli, reli, reli, reli." Tukahangaika kwenye simu, mimi nikimuuliza kuhusu fomula, yeye akiamini kwamba virusi vimekula fedha za wanachama. Tulipofungua Quick Assist na skrini yake ikatokea kwangu, nililiona jambo kabla hajamaliza sentensi: Excel, programu ya majedwali ya hesabu, ilikuwa inaonyesha ##### kwa kuwa alikuwa amezibana safu ili jedwali litoshee kwenye karatasi moja, na tarakimu zikakosa nafasi. Nilibofya mara mbili kwenye mpaka wa safu na mamilioni yote yakarudi mahali pake. Hakuna kilichokuwa kimepotea. Mama huyu ni mhasibu hodari, ni vile tu kwamba hakuna aliyewahi kumwambia maana ya zile reli.

Namna ya kuitumia ni rahisi kuliko programu nyingi za aina yake. Msaidizi hufungua programu, huingia kwa akaunti yake ya Microsoft na kupewa msimbo mfupi unaodumu kwa dakika 10. Anayesaidiwa hahitaji akaunti yoyote. Anafungua programu hiyohiyo, anaandika msimbo aliosomewa, kisha anakubali kuonyesha skrini yake. Kwa hatua hiyo msaidizi anaona tu. Akitaka kushika kipanya na kibodi, lazima aombe, na mwenye kompyuta lazima akubali tena. Mpangilio huu wa ruhusa mbili naupenda kwa dhati, kwani mara nyingi sihitaji kushika chochote: naona, kisha namwelekeza mwenyewe afanye kwa mkono wake, na safari nyingine hanipigii tena kwa jambo lilelile. Kipo pia kialamishi cha kuonyeshea mahali kwenye skrini, na hicho peke yake kimenyamazisha mabishano ya kulia na kushoto.

Tukumbuke kwamba shida hii haikuanza na wazazi wetu. Mwaka 1994 gazeti la Wall Street Journal la Marekani lilichapisha habari kuhusu simu zilizokuwa zikimiminika kwenye vituo vya msaada vya watengenezaji wa kompyuta. Mteja mmoja wa Dell alikuwa ameiogesha kibodi kwa sabuni kwenye beseni la kuogea, na kampuni ya Compaq ilikuwa ikifikiria kubadilisha maelekezo ya "bonyeza kitufe chochote" kwa sababu wateja walikuwa wanapiga simu kuuliza kitufe cha "chochote" kiko wapi. Watu wamezicheka habari hizo tangu wakati huo. Mimi nawaona wale wateja walikuwa na haki ya kuuliza. Mtu aliyepewa mashine mpya na sentensi isiyoeleweka hana kosa, na msaidizi anayemfokea hajui kazi yake.

Sasa mapungufu, nayo si madogo. Programu hii haifanyi kazi mpaka mtu awe ameshaingia ndani ya Windows, wakati kesi nyingi za wazee huanzia hapohapo mlangoni. Shangazi yangu wa Tanga alinipigia, na baada ya shikamoo na marahaba akasema, "Mwanangu, kompyuta hii imenikana." Nywila yake ilikuwa inakataliwa, na kwa kuwa kisanduku cha nywila huonyesha vidoti tu, hakuweza kujua alichokuwa anaandika. Nilimwomba aandike juma kwa herufi ndogo, kisha abonyeze alama ya jicho inayotokea pembeni ya kisanduku na anisomee kilichotokea. Akasoma: moja, nne, sifuri, a. Num Lock ilikuwa imewashwa, na kwenye kompyuta mpakato ndogo kama yake, kitufe hicho hugeuza baadhi ya herufi za upande wa kulia kuwa tarakimu. Hapo Quick Assist isingenisaidia lolote. Kilichosaidia ni subira ya simu ya kawaida, kama zamani.

Kero ya pili hutokea Windows inapoomba idhini ya msimamizi, kwa mfano wakati wa kusakinisha programu. Skrini ya msaidizi hufunikwa, haoni kitu mpaka mwenye kompyuta ajibu mwenyewe. Kiusalama ni sahihi, lakini ndipo kile kiboksi cha ajabu kinaporudi, na msaidizi anapouliza kimeandikwa nini, anajibiwa tena kwamba ameshakifunga. Mwambieni mapema kwamba kitakuja na kwamba asikifunge.

Kero ya tatu inawahusu hasa watumiaji wa huku kwetu. Quick Assist haina sauti, ina sehemu ya kuandikiana tu, kwa hiyo mnalazimika kuongea kwa simu; na wengi wetu kompyuta inapata intaneti kutoka kwenye simu hiyohiyo. Kwenye simu na mitandao isiyopitisha sauti kwa 4G, ukipiga simu ya kawaida data hushuka kasi au hukatika, na skrini uliyokuwa unaiona inaganda katikati ya kazi. Mwenye kompyuta anadhani msaidizi ameiharibu. Dawa yake ni kuzungumza kwa WhatsApp, au kutumia simu ya mtu mwingine kwa maongezi na ile ya kwanza iachwe itoe intaneti.

Jambo zito kuliko yote ni usalama. Mwezi Mei 2024, Microsoft wenyewe walieleza jinsi wahalifu walivyokuwa wakiitumia Quick Assist: wanaimiminia barua pepe ya mtu taka nyingi, kisha wanampigia wakijifanya ni kitengo cha ufundi kilichokuja kumsaidia, wanamsomea msimbo, na akishakubali mara mbili wanaweka programu za kufunga mafaili ili kudai fedha. Wanaonaswa ni walewale wasiojua kompyuta, waliozoea kutii sauti ya mtaalamu. Kwa sababu hiyo, kila ninayemsaidia namwambia kwa ukali kidogo kwamba msimbo unapokelewa kutoka kwa mtu uliyempigia wewe, si kutoka kwa mtu aliyekupigia yeye. Na ofisi isiyoitumia programu hii ni bora iiondoe kabisa, jambo ambalo Microsoft pia walishauri.

Kwa ujumla naipendekeza bila kusita kwa familia na ofisi ndogo zinazotumia Windows. Mwenye shida kwenye simu ya Android haitamfaa, atafute TeamViewer au AnyDesk, programu nyingine za aina hii ambazo zinashughulikia simu pia na zina matumizi ya bure kwa mtu binafsi. Quick Assist ilianza kuwekwa ndani ya Windows 10 mwaka 2016, na tangu 2022 toleo jipya hupatikana Microsoft Store, duka la programu la Microsoft, hivyo kompyuta ya siku nyingi inaweza kudai sasisho kabla ya kukubali kuunganishwa. Ukienda likizo nyumbani, kaa na mzee wako, isasishe ukiwa hapohapo, mwonyeshe inavyofunguliwa kwa kubonyeza Ctrl, Windows na Q kwa pamoja, na mfanye jaribio moja mkiwa chumba kimoja.