Seva ya Linux: ya nyumbani au ya kukodi?

Wanaoanza kuendesha seva (kompyuta inayohudumia tovuti) Kampala huuliza hili kila mara. Kwa gharama, kompyuta mpakato kuukuu yenye Debian (mfumo endeshi wa aina ya Linux) hushinda: hakuna ada ya mwezi, na Apache, programu ya kutoa kurasa za tovuti, ni bure. Lakini umeme ukikatika kwa muda mrefu, tovuti nayo huzimika. Tena laini nyingi za simu hazikupi anwani ya IP ya umma (namba ya kukufikia kutoka mtandaoni), hivyo walio nje hawakufikii hata ukifungua poti 80 na 443 (milango ya tovuti). Hilo huwakatisha wengi tamaa. Seva ya kukodi kwa kawaida huja na anwani yake. Ila mara nyingi hulipiwa kwa dola, na roboti za mtandaoni huanza mapema kubahatisha nywila zako za SSH (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali). Masasisho ni juu yako kotekote. Unajifunza amri? Baki nyumbani. Wateja wanakungoja? Kodi.