Pawa saplai inayopiga kelele: ulizia beringi ya feni kabla ya wati

"Dada, nimenunua pawa saplai ya Gold, hata haijakaa, feni imeanza kukwaruza." Ujumbe wa namna hii, kuhusu kile kiboksi cha ndani ya kompyuta kinachogawa umeme, nimepokea mwingi kiasi kwamba leo sizungumzii wati wala rangi ya nyaya. Nazungumzia kitu ambacho madukani hakitajwi kabisa: feni ile inazungukia juu ya nini.

Kwanza hakikisha mwenye kelele ni nani. Ikikwaruza asubuhi ukiwasha, kisha inatulia ikipata joto, hapo beringi imekaukiwa mafuta. Tak-tak-tak isiyokoma mara nyingi ni waya unaogusa mapanga. Mlio mwembamba, ziii, unaopanda ukifungua gemu, unatoka kwenye koili, yaani nyaya zilizoviringwa ndani yake, na kubadilisha feni hakutausaidia.

Sasa beringi. Feni za bei nafuu ni za bushi: mhimili unazunguka ndani ya kitundu chenye mafuta kidogo. Bushi hupenda feni iliyosimama, kama ile ya nyuma ya kasha. Ndani ya pawa saplai feni imelala, chali au kifudifudi, na juu yake kuna joto na vumbi letu. Mafuta yanakauka, mhimili unaanza kucheza, kelele inaingia. Za gololi zinadumu, ila huwa na mvumo wake, na zikichakaa zinasikika chumba cha pili. Unayoitaka ni beringi ya majimaji, ambayo kwenye karatasi za kampuni huandikwa FDB. Mhimili wake unaelea juu ya utando wa mafuta yaliyofungiwa ndani.

Nembo ya 80 Plus, ambayo Gold ni ngazi yake mojawapo, haikuambii lolote kuhusu hilo, kwa sababu inapima umeme unaopotea tu. Inasaidia kwa njia ya kuzunguka: kompyuta ikila wati 300, pawa saplai yenye ufanisi wa asilimia 90 inageuza wati kama 33 kuwa joto, na ya asilimia 80 inageuza 75. Joto likipungua, feni inazunguka polepole. Ukitaka kipimo cha kelele yenyewe, tafuta alama za Cybenetics, maabara inayopima pawa saplai. A++ ni chini ya desibeli 15, A+ ni kati ya 15 na 20.

Namba moja kwangu ni Seasonic Focus GX, na sifichi mapenzi yangu. Hii ni kampuni ya Taiwan iliyoanza mwaka 1975, feni yake ni ya FDB, waranti ya kiwandani miaka 10, na nyuma kuna kitufe cha kuiruhusu feni isimame kabisa mzigo ukiwa mdogo. Kwa joto la Dar mwezi wa pili, mimi ningekiacha kitufe hicho kimezimwa: feni inayozunguka taratibu muda wote inasumbua kidogo kuliko inayozima na kushtuka kila mara.

Ya pili ni Corsair RMx. Toleo la 2021 lina feni inayoelea kwa sumaku, tulivu sana. Ya tatu ni be quiet! Straight Power, yenye feni za Silent Wings. Angalia usiuziwe Pure Power 11 ya kampuni hiyohiyo kwa bei ya Straight Power, maana ile imewekewa bushi iliyoboreshwa.

Za bei ya chini zisizo na jina sina mengi ya kusema. Soma ampea za volti 12 kwenye stika, zidisha kwa 12. Ikiandikwa ampea 18, hizo ni wati 216, hata kama boksi linasema 500.

Wenye Dell OptiPlex na HP EliteDesk za mtumba, msikimbilie orodha hii. Nyingi hazitumii plagi ya kawaida ya pini 24 inayoingia kwenye mazabodi, na kasha lenyewe linaweza kukataa umbo. Tafuteni ya modeli ileile, iliyosafishwa. Fundi akipuliza kwa blowa, ashike mapanga yasizunguke, la sivyo anaimaliza beringi palepale. Na kufungua pawa saplai mwenyewe ili udondoshee mafuta ya cherehani, hapana. Kapasita za ndani, zinazohifadhi umeme, zinaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya, na mafuta yale yanakupa wiki chache tu za ukimya.

Linaloniudhi ni wauzaji. Kiwanda kinatoa miaka 10, dukani Kariakoo unaandikiwa wiki moja kwenye risiti, halafu bei unatozwa ya waranti kamili. Ukiuliza beringi unajibiwa "hii ni original, dada." Wengine hawakubali hata uiwashe pale kaunta, wakati soketi iko hapohapo. Mimi duka la hivyo naondoka. Anayekubali kuiwasha, anayeandika modeli na serial namba kwenye risiti, huyo namlipa hata akizidisha kidogo.