Kiva kwa jicho la mkopeshaji: pesa inapita wapi, na nani anaisimamia

Ukifungua tovuti ya Kiva, shirika linalokuwezesha kuwakopesha watu wa mbali kupitia mtandao, unakutana na sura za watu: mama muuza nguo, mama mfugaji, kikundi cha mafundi cherehani. Unachagua mmoja, unaweka dola 25, na baada ya muda zinaanza kurudi kidogo kidogo, bila riba. Kwa upande wa mkopeshaji huduma ni nzuri na hesabu zake zinasomeka. Cha kupima kwa makini ni njia inayopitiwa na pesa hiyo, kwa sababu nje ya Marekani mikopo mingi haimfikii mama huyo moja kwa moja.

Kiva ilianzishwa mwaka 2005 na Matt Flannery na Jessica Jackley, na makao yake yako San Francisco. Mikopo ya kwanza ilikwenda Uganda. Kisheria ni shirika la hisani la Marekani lisilogawa faida, na takriban asilimia 80 ya wanaokopeshwa ni wanawake. Kati ya Kiva na mkopaji yupo mshirika, mara nyingi taasisi ya mikopo midogo. Huyo ndiye anayemtafuta mkopaji, anayempiga picha na anayekusanya marejesho. Mara nyingi mama ameshachukua mkopo wake kabla hujaiona picha, na pesa yako inakwenda kujaza mfuko wa mshirika. Mchumi David Roodman aliliandika hilo waziwazi mwaka 2009, na Kiva ikarekebisha maelezo yake. Utaratibu una mantiki, kwani mwenye biashara hawezi kuacha msimu upite akisubiri wageni wamchangie. Ila maana yake ni kwamba unapochagua mkopo, umechagua mshirika.

Hapo ndipo wengi wanateleza. Ile asilimia 0 inayotajwa ni ya kwako wewe mkopeshaji. Mshirika anamtoza mkopaji riba na ada, isipokuwa kwa baadhi ya mikopo, kama ile ya moja kwa moja kwa wafanyabiashara wadogo ndani ya Marekani.

Chukua mkopo wa dola 600 wa miezi 12, wenye riba ya asilimia 20 inayopigwa juu ya mkopo wote bila kujali deni limeshapungua kiasi gani. Riba inakuwa dola 120, na rejesho ni dola 60 kila mwezi. Kwa sababu deni linapungua kila mwezi huku riba ikibaki palepale, gharama halisi kwa mwaka inakaribia asilimia 35. Ongeza ada ya asilimia 3 inayokatwa mwanzoni, mama aondoke na dola 582 mkononi, gharama inafika kama asilimia 41. Bado hujahesabu akiba ya lazima, ambayo baadhi ya taasisi huishikilia hadi mkopo uishe. Kwa hiyo fungua ukurasa wa mshirika, utafute wastani wa gharama kwa mkopaji, kisha uulinganishe na washirika wengine wa nchi hiyohiyo. Kulinganisha nchi na nchi hakusaidii sana, maana mfumuko wa bei na gharama za kuwafikia wakopaji vijijini vinatofautiana mno.

Gharama hizo si dhuluma moja kwa moja. Gharama ya afisa mikopo anayepanda pikipiki kukusanya rejesho dogo inakula sehemu kubwa ya riba ya mkopo huo. Kiva iliwahi kujaribu nchini Kenya, kwa jina la Kiva Zip, kukopesha bila riba moja kwa moja kupitia M-Pesa. Marejesho yakawa hafifu kuliko kwa washirika, na jaribio likasitishwa huko. Hata hivyo, mshirika anayetoza sana na wakati huohuo anapata faida kubwa anastahili maswali. Tazama takwimu ya faida kwenye ukurasa huohuo.

Kiwango cha marejesho, kama asilimia 96, kisomwe kwa tahadhari. Kwenye mikopo ya kikundi, mmoja akishindwa wenzake wanamlipia, na kwako inaonekana imelipwa vizuri. Takwimu hiyo inakwambia usalama wa pesa yako. Haikwambii kama biashara ya mama imekua au ameuza mbuzi ili alipe.

Nyota za hatari, yaani alama ambazo Kiva huwapa washirika, nazo zinapima uwezo wa mshirika kulipa. Mwenye nyota chache anaweza kuwa shirika dogo linalowafikia wanawake ambao benki haiwataki, na binafsi naona hao ndio wanaoihitaji zaidi pesa isiyo na riba. Gawa dola zako kwa washirika kadhaa, kwa sababu mshirika mmoja akifilisika mikopo yako yote kwake inakwama kwa pamoja. Angalia pia kipengele cha hasara ya kubadilisha fedha: kwenye baadhi ya mikopo, sarafu ya nchi ikiporomoka dhidi ya dola, sehemu ya hasara inakuangukia wewe.

Sasa Kiva yenyewe inakula wapi? Pesa za mikopo hukaa kwenye chombo tofauti, Kiva User Funds LLC, mbali na pesa za kuendeshea shirika. Uendeshaji unatoka kwenye mchango wa hiari unaoombwa unapolipia, ruzuku za wakfu na makampuni, na ada zinazotozwa washirika. Mchango huo unakuja umeshajazwa kwenye hesabu yako. Ni halali kuupunguza au kuufuta, ila soma kabla ya kubonyeza, maana hauna marejesho.

Ada kwa washirika zilizua mgogoro. Mwaka 2021 kundi la wakopeshaji liligoma, likilalamikia ada hizo, mishahara ya viongozi na kupungua kwa taarifa kwenye tovuti. Kwa maoni yangu walikuwa na hoja, kwani ada anayotozwa mshirika inaweza kuishia kwa mkopaji. Mgomo huo pia ulidhihirisha jambo la utawala: mkopeshaji hana kura. Wenye mamlaka ni bodi, ambayo huwaajiri viongozi na kuidhinisha mishahara yao.

Bodi hiyo unaweza kuikagua kupitia Fomu 990, taarifa ya kila mwaka ya shirika kwa mamlaka ya kodi, ambayo sheria ya Marekani inalazimisha iwe wazi kwa umma. Anza na Sehemu ya VI: idadi ya wajumbe wenye kura, wangapi wako huru, na kama ipo sera ya mgongano wa maslahi. Sehemu ya VII ina malipo ya viongozi. Sehemu ya IX inagawa matumizi kati ya huduma, uendeshaji na uchangishaji. Soma miaka mitatu mfululizo, kwani mwaka mmoja unaweza kuvimbishwa na ruzuku moja. Halafu Jedwali L, linaloonyesha biashara kati ya shirika na watu wake wa ndani.

Ningempendekezea Kiva mtu aliye tayari kusoma ukurasa wa mshirika kabla ya kila mkopo. Anayetaka kumpa mama mtaji usio na gharama kabisa atafute mikopo ambayo mkopaji hatozwi riba. Ni michache, lakini ipo.