Una kivuli kwa parsele? Angalia hili ua la mlimani kwanza!

Jambo bamama na bapapa, karibuni tena, niko hapa Bukavu kwa parsele, ile kona ya nyuma ya ukuta, jua halifiki na kila unachopanda kinaleta majani tu. Basi angalieni hii! Impatiens niamniamensis. Ni ya kwetu kabisa, ya misitu yenye kivuli na ubichi, kuanzia Kameruni mpaka huku kwetu, na Ulaya watu wanaipanda kwa chungu wanaiweka ndani ya nyumba, sisi tunaipita njiani!

Udongo nauruka, mnajua: mweusi, majani yaliyooza, chungu kitobolewe chini, basi. Mimi nataka muone ua. Nasogeza telefone... ngoja ishike... hapo! Linachipukia pale pale kwenye shina, chini ya majani. Hii nyekundu inayoishia manjano mnadhani ni petali? Hapana, ni sepali, kale kajani ka nje kanakofunika ua likiwa bado changa, moja imejikunja kama mfuko, petali zenyewe ni hivi vidogo vya kijani hapa mbele. Sasa fuata huu mkia mwembamba uliojipinda nyuma, ndimo mna maji matamu, na chozi, kale kandege kenye mdomo wa kupinda, anajua, anachomeka mdomo anaondoka amepakwa chavua. Na tumba la mbegu likikomaa gusa hivi, paa! zimeruka zote. Kwa kivuli sijaona kitu kinachoishinda. Begonia ndiyo mnayoniulizia sana, nzuri, lakini hapa kwangu chozi anaipita tu.

Kinachonikasirisha ni wauzaji wanaoianika barabarani jua la saa sita, majani yameungua, halafu eti dola 5! Msilipe. Omba kwa jirani kipande cha shina, urefu wa kiganja, toa majani ya chini, tia kwenye glasi ya maji, mizizi inatoka yenyewe bila dawa. Lakini tafadhali msiende kung'oa Kahuzi-Biega, ile ni parke tangu 1970, inalindwa, iacheni kule.

Kitu kimoja: inakunywa. Shina limejaa maji, kwa hiyo kiangazi, Juni mpaka Agosti, ukiisahau inalegea yote. Kama robine yenu inakauka, maji ya kuoshea mboga yanatosha, mimi ndiyo natumia.

Na video za Jumamosi zinahamia Jumapili jioni, umeme unatusumbua huku, bonyezeni kengele msikose. Wenye parsele ya jua tupu, hii msinunue, Jumapili nawaletea yenu.